Semina ya siku tatu, kozi ya wiki sita au kukaa na mwenzako: mhadhiri ajiandae vipi kufundisha mtandaoni?

Wakuu habari za jioni. Kila semesta ikikaribia napigiwa simu na wahadhiri, saa nyingine mkuu wa idara mwenyewe, swali ni lile lile: tumeambiwa kozi fulani itafundishwa mtandaoni, sasa watu wetu wakajifunzie wapi? Mezani kuna barua ya semina ya siku tatu, WhatsApp kuna linki ya kozi ya wiki sita mtu kafowadiwa na rafiki yake, halafu kuna yule dokta wa ghorofa ya pili ambaye jengo zima linajua Moodle (ule mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni) anaiweza, si tumuombe tu yeye? Mimi kazi yangu hapa Dar ndiyo hiyo ya kusaidia walimu wa chuo na haya mambo, semina nimeendesha, kozi za mtandaoni nimezisoma kama mwanafunzi nikaachia nyingine njiani, na ofisi za watu nimekaa sana nikiwashikia kipanya. Kwa hiyo nazipanga zote tatu hapa, kila mtu aangalie inayomkaa.

Kabla sijaanza niseme kitu kuhusu 2020, maana bado kuna watu wanasema "mbona tulishafundisha mtandaoni wakati wa korona". Vyuo vilifungwa Machi vikafunguliwa Juni mosi, na katikati hapo wengi wetu tulichofanya, wale tuliofanya, ni kurusha PDF kwenye grupu la darasa na kuomba Mungu. Mwezi ule ule wa Machi 2020 Charles Hodges na wenzake kule Marekani waliandika kwamba hiyo ni kufundisha kwa mbali kwa dharura, na kozi ya mtandaoni iliyopangwa vizuri kwa kawaida inaandaliwa miezi 6 mpaka 9 kabla haijaanza kufundishwa. Miezi sita, mkuu, na wewe una barua ya siku tatu. Kwa hiyo hakuna njia hata moja kati ya hizi itakayokufikisha mwisho wa safari, tunachoangalia ni ipi inakushusha karibu zaidi na unakokwenda.

Na programu tusizisingizie. Moodle ipo tangu 2002, hailipiwi leseni, Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) wanaitumia, Chuo Kikuu Huria wanaitumia, na hao Huria pale Kinondoni wamekuwa wakifundisha watu wasioonana nao tangu chuo kilipoanza kazi 1993, enzi za makaratasi na posta.

Tunapima kwa nini

Vigezo vyangu ni vinne. Muda, yani utakula saa ngapi za mtu ambaye tayari ana vipindi, ana wanafunzi wa utafiti na ana mitihani ya kusahihisha. Hela, na hapo usisahau bando. Cha tatu ni anatoka na nini mkononi, simaanishi cheti, namaanisha kitu ambacho Jumatatu kinaweza kuwekwa mbele ya mwanafunzi.

Cha nne nakiita wiki ya tatu, na hiki ndicho watu hawakiulizi kabisa. Ngoja nieleze kwa kisa.

Kuna Prof mmoja, mtu wa heshima zake, alitoa kazi ya nyumbani kwenye mfumo, akawaambia wanafunzi mwisho wa kukusanya ni Ijumaa saa sita usiku. Ijumaa asubuhi saa moja mimi nipo Kimara nimebanwa kwenye daladala, simu inaita.

"Shikamoo Prof."

"Marahaba kijana wangu, fungua kazi yangu kwanza, watoto wamejaa hapa mlangoni."

Nikamuuliza Prof uliweka saa ngapi, akasema Ijumaa, sifuri sifuri, saa sita usiku. Na Moodle ndiyo inavyokuwekea yenyewe ukiigusa tarehe bila kuangalia saa, 00:00. Sasa Ijumaa 00:00 ni ile dakika Ijumaa inaanza, siyo inapoisha, kwa hiyo kazi ilifungwa Alhamisi usiku watu wakiwa bado wanaandika. Yani Moodle ni Mswahili wa pwani kabisa, kwake usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Nikamwelekeza kwa simu tukasogeza, dakika nne, yakaisha. Lakini Prof huyo ana cheti cha semina ukutani, na hata kama kwenye semina walimwambia hilo jambo (nadhani walimwambia) angekuwa ameshasahau, kwa sababu siku ile halikuwa na maana yoyote kwake. Kilichomuokoa ni kwamba alikuwa na mtu wa kumpigia. Kwa hiyo wiki ya tatu maana yake ni hiyo: semesta imeshaanza, posho imeshaisha, kitu kimegoma, nani anapokea simu?

Semina ya siku mbili tatu ukumbini

Hii wote tunaijua. Muda ni mfupi na unajulikana, unaandikiwa ruhusa, vipindi anashika TA (mkufunzi msaidizi), Ijumaa umemaliza. Kwa mhadhiri haina gharama, tena anarudi na posho. Kwa chuo ni habari nyingine: ukumbi, chai asubuhi na jioni, chakula cha mchana, wawezeshaji, nauli, na kama mmeamua kwenda Morogoro au Bagamoyo ongeza malazi. Watu wanasema kwenda Morogoro ni kutafuna hela tu ila mimi siwalaumu sana wanaopeleka semina nje ya Dar, maana ikifanyikia hapa hapa mjini ikifika saa nane mchana ukumbini mmebaki na mabegi, wenyewe wamekimbilia ofisini "mara moja".

Nikuonyeshe asubuhi ya kwanza inavyokuwa. Watu sitini, ruta moja imetundikwa juu ya mlango. Mwezeshaji anasema haya wote tuingie kwenye mfumo, kale kaduara kanaanza kuzunguka kwenye skrini sitini kwa pamoja. Ishirini wamesahau nywila, na nywila mpya inatumwa kwenye barua pepe ya chuo ambayo nayo nywila yake wameisahau. Saa nne chai. Tukirudi kutoka chai ndiyo somo linaanza, na kwa sababu muda umeshaliwa mwezeshaji anaruka kwenye Zoom, kwa kuwa Zoom inafanana na darasa, kila mtu anaielewa haraka na inapendeza kwenye picha za ripoti.

Halafu kuna aibu, na hii inaniuma kidogo kwa sababu nimeiona mara nyingi. Kwenye ukumbi mmoja amekaa profesa, pembeni yake mhadhiri ambaye yeye profesa ndiye alimfundisha, nyuma TA wa miaka ishirini na sita. Hebu niambie nani atanyoosha mkono aseme sijui kuapilodi faili? Profesa anatikisa kichwa kama ameelewa, TA anaona profesa ameelewa na yeye anatikisa. Jioni fomu za tathmini zote zimeandikwa "semina nzuri, muda uongezwe".

Ila tuwe waungwana, semina ina mambo ambayo hizo nyingine hazina. Ukitaka idara nzima ikubaliane, kwa mfano kila kozi iwe na ukurasa wa mbele unaofanana, au mwanafunzi ajibiwe ndani ya siku mbili, au maksi za mtandaoni ziingieje kwenye kosiwaki (alama za kabla ya mtihani wa mwisho), hayo hayawezekani mtu mmoja mmoja, yanataka watu wakae chumba kimoja wabishane. Na mkuu wa chuo akija kufungua akasema hili jambo sasa ni la lazima, linakuwa la lazima kweli. Anachotoka nacho mtu ni hicho, msimamo wa pamoja na picha ya jumla, kozi yake mwenyewe mara nyingi inabaki ganda tupu lenye kichwa cha habari na wiki kumi na tano zisizo na kitu.

Wiki ya tatu? Grupu la WhatsApp la semina lipo, ila kufikia hapo limeshakuwa la rambirambi na heri ya sikukuu.

Inawafaa wanaoanza kabisa wakiwa wengi, na idara ambayo haijakubaliana misingi. Haimfai mtu ambaye kozi yake inaanza mwezi huu.

Kozi ya mtandaoni, wewe mwenyewe ukiwa mwanafunzi

Hapa mhadhiri anajiandikisha, anasoma wiki nne mpaka sita, anajibu maswali, anachangia mijadala, anakusanya kazi. Wanaoziandaa wanakwambia saa tatu au nne kwa wiki, wewe weka sita, maana utasoma usiku baada ya foleni ya Mbezi na watoto wakishalala. Hela inategemea, zipo za bure kabisa na zipo za kulipia kwa dola, lakini hata ya bure bando ni lako, na kama ina vipindi vya video vya moja kwa moja basi saa moja ya Zoom ya kikundi inaweza kula GB nzima au kuzidi.

Faida yake kubwa haiko kwenye mada zao, iko kwenye kiti ulichokalia. Dada mmoja tunayefanya naye kazi, mhadhiri, alinisimulia alivyoandika mchango wake wa kwanza kwenye jukwaa la majadiliano, akaupanga vizuri, akausoma mara tatu, akatuma. Akakaa kimya kusubiri. Siku ya kwanza hakuna aliyejibu, siku ya pili hakuna, siku ya nne akawa anachungulia simu kila akiamka kama anayesubiri muamala. "Nilijiona mjinga, nikasema siandiki tena." Ana PhD huyo, amefundisha zaidi ya miaka kumi, na kimya cha siku nne kilitaka kumfukuza kwenye kozi. Semesta iliyofuata wiki ya kwanza nzima alijibu kila mwanafunzi, hata kwa mstari mmoja, hata "asante, karibu".

Mwingereza mmoja, Gilly Salmon, alipanga hatua tano za kumuongoza mwanafunzi mtandaoni, na hatua ya pili kaweka watu kuzoeana, mara tu baada ya mtu kuweza kuingia kwenye mfumo, kubadilishana taarifa na kujenga maarifa vinakuja baadaye. Ukisoma hivyo kwenye slaidi unaona sawa tu. Ukiachwa kimya siku nne unaelewa.

Kasoro zake sasa. Mifano yao mingi ni ya darasa la watu ishirini wenye laptopu na intaneti nyumbani, wewe una darasa la mwaka wa kwanza kama DS (Development Studies), watu mia kadhaa, wengi wao simu ndiyo kila kitu. Ushauri wa "mjibu kila mwanafunzi kwa kina" huwezi kuufuata na watu mia nne, unahitaji kugawa vikundi na kuwatumia TA, na hizi kozi hazigusi huko. Cha pili, watu wanaachia njiani, mimi mwenyewe ushahidi ninao kwenye barua pepe yangu, vikumbusho vya "umebakiza moduli tatu" ambavyo sijavifungua mpaka leo. Anayemaliza anatoka na moduli moja au mbili alizozitengeneza kweli, siyo kozi nzima, lakini zimefanywa kwa mpango unaoeleweka.

Na wiki ya tatu inategemea kalenda. Kama kozi imepishana na semesta yako utauliza na utajibiwa ukiwa bado upo moto, kama imeisha miezi miwili kabla basi jukwaa limeshafungwa na wenzako wamesambaa dunia nzima.

Anayenufaika hapa ni mtu mwenye nidhamu yake, mwenye kama miezi mitatu ya kujiandaa, na hasa yule mwenye mazoea ya kusema wanafunzi wa mtandaoni ni wavivu.

Kukaa na mwenzako

Hii haina jina zuri la kuandikia bajeti, ndiyo maana haipendwi na watu wa mipango. Unachukua mhadhiri anayeweza, unampa watatu au wanne, zaidi ya hapo hawezi, wanakaa saa moja na nusu kila wiki kuanzia mwezi kabla ya semesta mpaka katikati yake. Hakuna mada, mada ni kozi yako.

Nikupe mfano wa kikao kimoja. Mwalimu kaja na mhadhara wa saa mbili, slaidi 54, na makala ya kusoma iliyoskaniwa, MB 48. Tukaanza na hiyo skani, tukaipunguza uzito ikawa MB 3, maandishi yanasomeka vile vile. Halafu nikamuuliza katika hizi slaidi zipi mwanafunzi asipozijua atafeli? Akakuna kichwa, akataja tisa. Tukarekodi sauti yake peke yake juu ya hizo tisa, dakika kumi na mbili, kwa kiwango cha 32 kbps faili likatoka chini ya MB 3. Mtoto yupo Mbagala na bando la siku, anadanlodi mara moja anasikiliza kwenye mwendokasi. Mwalimu akaniambia kwa hiyo miaka yote hii mhadhara wangu ulikuwa dakika kumi na mbili? Nikacheka tu, sikujibu.

Na hapa mlango umefungwa. Yule profesa aliyetikisa kichwa ukumbini, hapa anauliza. Kuna mmoja alianza na "mwanangu, hivi hii alama ya penseli inafanya nini" na tulikuwa tumeshapita semina mbili pamoja.

Hela inaonekana ni bure, siyo bure. Anayefundisha wenzake anatumia muda ambao angeandika makala, na makala ndiyo zinampandisha cheo, kumsaidia mwenzake wa ofisi ya jirani hakumpandishi. Usipompunguzia vipindi au kumlipa chochote, semesta ya kwanza atasaidia kwa moyo, ya pili ataanza kuchelewa kupokea simu, ya tatu utasikia amehama ofisi. Tatizo lingine ni kurithi tabia: kama mwenzako anajua Zoom tu na wewe utajua Zoom tu, makosa yake yatakuwa sera ya idara. Na siku akienda masomoni kila kitu kinasimama.

Kwa wiki ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote, maana mtu yupo korido moja na wewe na mfumo anaotumia ni huo huo. Kwa kukubaliana misingi ya idara nzima ni dhaifu kuliko zote, kila pea inaibuka na mtindo wake na mwanafunzi mwenye kozi sita anakutana na kurasa sita zisizofanana. Inamfaa ambaye kozi yake inaanza karibuni, na mkubwa ambaye hataki kuonekana hajui.

(Ya nne ni kujifundisha YouTube. Kwa kitu kidogo kama jinsi ya kutengeneza kwizi inatosha kabisa, kwa kupanga kozi hapana, utapotea.)

Maswali mawili ya kuuliza popote utakapokwenda

La kwanza, mtanifundisha kuendesha kozi intaneti ikikata? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika zote na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia sana. Aliyekuwa ametegemea kipindi cha moja kwa moja cha Zoom hakuwa na darasa. Aliyekuwa ameweka sauti, PDF nyepesi na kazi yenye wiki nzima ya kukusanya alichelewa tu. Ukiona ratiba ya mafunzo ni Zoom mwanzo mwisho, uliza.

La pili, kurekodi. Tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na sura na sauti ya mwanafunzi ni taarifa zake. Hili lisikutane na wewe baada ya video kuzagaa.

Sasa wewe uko wapi?

Kama ni mkuu wa idara una walimu thelathini, bajeti ipo na semesta iko mbali, anza na semina lakini ifupishe iwe siku moja na nusu, iwe ya kukubaliana misingi tu, nywila zote zirekebishwe wiki moja kabla, na hela iliyobaki uwalipe watu watatu wa kukaa na wenzao semesta ikianza. Bajeti haipo? Acha semina, tafuta hao watatu uwapunguzie kipindi kimoja kimoja.

Kama ni mhadhiri kijana, una muda na ndiyo unajenga kozi zako za maisha, nenda kasome ile ya wiki sita hata kama ni ya bure, ila chagua inayokulazimisha kuchangia na kukusanya kazi, siyo ya kuangalia video na kubonyeza endelea.

Ukiwa mkubwa, umebakiza miaka michache ya kustaafu na haya yamekukuta, usijitese ukumbini. Tafuta TA wako unayemuamini, funga mlango, saa moja kwa wiki, yeye akuonyeshe vitufe na wewe umuonyeshe namna ya kutunga swali zuri, hilo halijui.

Kama una darasa la mia kadhaa, njia yoyote utakayochagua nenda na TA wako, ukienda peke yako utarudi na maarifa ambayo mtu mmoja hawezi kuyatekeleza.

Na kama semesta inaanza Jumatatu na hujafanya lolote, usiende popote. Andaa wiki mbili za mwanzo tu, kila moja sauti fupi, kitu kimoja cha kusoma na swali moja la kujibu, chukua namba ya mtu atakayepokea simu, na kwenye tarehe ya mwisho weka 23:59.